Ubao wa Mbambakofi Ndani ya Pikapu

Palma, baada ya alasiri

Rukia mwanangu,

Salamu sikupi, maana nakusikia hapo uani unacheka na binamu zako, na afya yako naijua. Nimewaambia nakuja kuangalia maji ya injini. Nimekaa kwenye kiti cha dereva, mlango nimeufunga, daftari nimeliegemeza kwenye usukani. Kesho nakupeleka Mosimboa, kutoka hapo utakwenda na wenzako hadi Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, na meli ya Beira ikitia nanga utapanda kwenda shule yako ya ufundi. Habari za vidonge vya malaria, za kufunga sanduku lako bwenini, za wanaume wa melini, shangazi zako wameshakueleza mara tatu na hawajamaliza. Mimi hapo sina la kuongeza. Mimi nataka kukueleza habari ya ubao huu wa mbele ya usukani, ambao umekua ukiuona na hujawahi kuuliza ulifikaje hapa. Hadithi yake umeisikia kwa vipande. Kipande kikubwa hukukisikia, kwa sababu nilikificha.

Uhuru ulipokuja nilirudi kutoka Tanzania, ng'ambo ya Ruvuma. Miaka ya vita niliimalizia kule makambini, na kule ndiko nilikofundishwa kuendesha lori la mahindi na majeruhi. Nilirudi Palma na miguu inayojua klachi na breki, nikakuta mji hauna dereva na gari ni moja tu. Gari lenyewe ni hili. Lilikuwa la Mreno mwenye mashamba ya minazi, na hata siku hizo lilikuwa kuukuu, lina umri wa kuwa dada yangu mkubwa. Mreno yule alipojua kwamba lazima aondoke, aliingia ndani ya pikapu yake mwenyewe na nyundo. Akavunja mita ya mwendo, ya mafuta, ya joto, zote. Nyaya akazikata. Viti akavichana kwa kisu kutoka ukingo hadi ukingo, pamba akaitupa nje. Kibao cha mbele chote akakiponda hadi kikabaki tundu tupu lenye ncha za bati. Injini hakuigusa, na mpaka leo sijui kwa nini. Labda alichoka.

Kooperativa, ule ushirika wetu wa minazi, ikapewa pikapu, na mimi nikapewa pikapu. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu aliyeletwa kutoka kusini, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, Kiswahili chake cha kuhesabu maneno, na kila mwenzake kwake ni kamarada. Hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Nilipomwonyesha hali ya ndani aliuliza, "Inatembea, kamarada Hadija?"

Nikasema inatembea.

"Basi inatosha."

Nikaendesha hivyo, nimekalia gunia juu ya springi, naona barabara na huku chini naona vumbi likipita. Siku moja nilimchukua binti wa Bi Somoe, yule msuka mikeka, uchungu umemshika, tunakwenda hospitali Mosimboa. Njia unaijua. Katikati ya safari springi ilitoboa gunia ikamchana paja. Alijifungua salama, mtoto wa kike, lakini nilipomrudisha kwao Bi Somoe aliiona ile kanga ina damu isiyokuwa ya uzazi. Akaja akachungulia ndani ya gari, akatazama muda mrefu.

"Hadija," akasema, "huyu Mreno si ameondoka? Mbona bado tunakalia hasira zake?"

Sikulala vizuri kwa neno lile. Tulipigana miaka yote ile, ndugu tumewazika ng'ambo, halafu mwanamke anakwenda kuzaa amekaa juu ya kisu cha mtu aliyekimbia. Nikaamua kwamba ndani ya gari hili hakitabaki kitu alichokiharibu yule. Sikumwuliza mtu.

Viti tulivitengeneza kwanza. Makumbi ya nazi tuliyaloweka, tukayaponda, tukayachambua mpaka yakawa laini, tukayashindilia juu ya springi. Bi Somoe na wenzake watatu wakasuka ukindu, mwekundu na mweusi, mshono wa kubana ambao huwekwa kwenye mkeka wa bibi arusi. Nilisema wasuke wa kawaida tu, watu watakalia na miguu ya matope. Bi Somoe akanijibu kwamba yeye wa kawaida hajui. Dari tukalitandika kanga mbili zilizounganishwa. Kichwa cha gia alikichonga Mmakonde mmoja wa Nangade kwa mpingo, mviringo unaojaa kiganjani, na hakutaka kitu ila kubebewa magogo yake mara moja.

Ukabaki ubao wa mbele. Hapa ndipo penye makosa yangu, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Nyumba ya yule Mreno ilikuwa imeshakuwa ofisi ya serikali. Mlango wake mmoja wa mbambakofi, mzito, wa kazi ya zamani, uling'oka, wakaulaza juu ya mtaro watu wapite wasikanyage maji. Kila siku nauona unakanyagwa. Ijumaa moja, wanaume wako msikitini, nikarudisha pikapu kinyumenyume mpaka mtaroni, nikaupandisha mlango ule mimi mwenyewe na kuondoka nao. Mtaro nikauwekea vigogo vya mnazi. Nilichagua saa ile kwa sababu nilijua. Ningekuwa naona ni halali kabisa ningeuchukua Jumatatu mbele ya macho ya watu.

Nikaupeleka kwa mjomba wako Bakari. Siku hizo hakuna seremala aliyemfikia kutoka hapa hadi Namoto. Alipitisha mkono juu ya mbao, akagonga kwa kifundo cha kidole, akanitazama.

"Umeutoa wapi, Dija?"

"Wewe pima."

"Nakuuliza umeutoa wapi."

"Kaka, pima tu. Ni mti uliokuwa unaoza bure."

Hakuuliza tena. Alifanya kazi siku tisa. Aliukata ukafuata mviringo wa kioo, kona akazilainisha kwa ngozi ya papa mpaka ukipitisha shavu huhisi kitu. Akatoboa matundu manne ya mita, nami nikamwambia mita hatuna. Akasema zitakuja. Kwa kuwa hazikuja, akayaziba kwa vifuu vya nazi vilivyong'arishwa vikawa vyeusi kama macho. Mafuta nikawa napima kwa kijiti alichokitia alama. Baadaye tundu moja nililitilia mita ya joto niliyoitoa kwenye trekta lililokufa. Maandishi yake hakuna aliyejua kuyasoma, lakini sehemu nyekundu kila mtu anaielewa.

Siku tulipofunga ubao ule watu walikuja kutazama kama wanaotazama mtoto mchanga. Wazee waliomba wakae tu, gari limesimama. Nilijivuna, mwanangu, na sitaki kukudanganya kwamba nimeacha. Pikapu iliyoachwa ife ilikuwa nzuri kuliko siku ilipotoka kiwandani, na uzuri wote ulikuwa wa mikono ya hapa.

Halafu wakaja wageni kutoka Pemba kukagua kooperativa. Mkubwa wao akapanda mbele, akapapasa ubao, akapapasa kiti, akamgeukia mkurugenzi akacheka. "Kumbe huku mna bwana mpya," akasema. "Hili gari la nani, la mfalme?" Wenzake nao wakacheka. Mkurugenzi hakucheka. Nilimwona sikio linamwiva.

Wiki iliyofuata tukaitwa mkutanoni, sisi wote wa kooperativa, kwenye ghala la nazi. Mkurugenzi alisimama na karatasi. Alisema gari la wananchi limegeuzwa chombo cha anasa, kwamba hiyo ni tabia ya mabepari wadogo, na kwamba mali ya serikali, mlango wa serikali, umeibwa na kupasuliwa. Akauliza nani aliuchukua.

 Nami nilikuwa na jibu mdomoni. Nilitaka kusema: mimi, na ulikuwa unakanyagwa. Lakini ndani ya kichwa changu niliiona pikapu imechukuliwa na mtu mwingine, nikajiona nyuma na jembe, na wewe ulikuwa na miaka minne, baba yako muda wote yuko Namoto anavusha watu mtoni. Nilifikiri haya yote kwa muda wa kumeza mate. Nikasikia sauti yangu.

"Mbao alikuwa nazo Bakari. Mimi nilipewa ubao umeshakatwa."

Sikusema aliiba. Kwa miaka nilijishikilia hapo, kwamba neno "kuiba" sikulitamka. Ni upuuzi. Kila mtu ghalani alielewa nilichosema.

Bakari alikuwa amekaa karibu na mlango. Mkurugenzi akamwuliza, "Ni kweli?" Mjomba wako akanitazama, si kwa ukali, alinitazama kama alivyotazama mbao zile. Kisha akasema, "Kazi ya kukata ni yangu."  Wakaandika jina lake. Siku ya tatu akapandishwa lori, yeye na watu wengine wenye makosa yao, wakapelekwa bara kwenye shamba la kurekebishia watu tabia. Vifaa vyake, randa, misumeno, patasi za babu yetu, viligawiwa.

Nikaamriwa ning'oe ubao na kuuchoma. Niliung'oa. Sikuuchoma. Niliufunga kwenye mkeka mchakavu, nikaupandisha darini jikoni. Huo ndio uliokuwa ushujaa wangu wote wa mwaka ule: kuficha kipande cha mti, baada ya kumtoa mtu. Nikaendesha na nyaya zinaning'inia magotini, na Bi Somoe, kila akipanda, anakaa kimya. Alijua. Aliniona Ijumaa ile, aliniambia baadaye. Alikuwa na hedhi, yuko kivulini kwake anasuka, hakwenda popote. Alingoja kuona nitafanya nini.

Mwaka mmoja na miezi mitano. Nilimpelekea kaka yangu mahindi mara mbili kwa watu wanaopita. Barua sikumwandikia hata moja, maana ningeandika nini.

Aliporudi alikuwa amekonda, kikohozi kinamtikisa, na alikuja kwangu kabla ya kwenda kwake. Alilizunguka gari. Akaingiza kichwa dirishani.

"Ubao uliuchoma?"

"Hapana, kaka. Uko darini."

"Uteremshe."

Niliuteremsha huku nalia, nikaanza kusema, kaka, siku ile mimi. Akanyoosha mkono kunizuia. "Dija, mimi nilijua mlango umeutoa wapi siku ile ile uliponiletea. Mtaro si napita kila siku? Ghalani nilikungoja useme. Nikawangoja wanipandishe lori, labda utasema. Kule nako nimengoja. Sasa nimerudi, usiniambie mimi, tena hapa jikoni."

Alizima kila kitu nilichokuwa nimepanga kumwambia. Nilitaka anisamehe nipumue, na yeye hakunipa hilo. Alinipa ubao, akaazima bisibisi kwa jirani, akaufunga mahali pake kwa parafujo nne, akaenda zake nyumbani kulala.

Kesho yake niliendesha hadi mbele ya ghala, saa ya kugawana kazi, watu wote wako nje. Nikafungua milango yote miwili ili waone. Mkurugenzi akatoka.

"Nini hiki, kamarada Hadija?"

Nikapanda nyuma ya pikapu, kwenye bodi, ili nisikike.  Nikasema, "Mlango ule niliuchukua mimi. Ijumaa, saa ya swala, kwa mikono hii. Bakari nilimsingizia, na nyinyi niliwadanganya. Yeye amekaa bara mwaka na zaidi kwa kosa langu. Andika hilo, kamarada, kama ulivyoandika lile."

"Hadija, shuka tuzungumze ofisini."

"Ofisini sina neno. Na jambo la pili. Unasema kiti kizuri ni tabia ya mabepari. Mimi nilipigana ili niharibiwe viti? Huyu aliyekimbia alitaka tukae kwenye matambara tumkumbuke. Viti hivi wamesuka wanawake wa kooperativa yako. Kama ni anasa, ni anasa ya kwao, na wanaikalia wakienda kuzaa. Mniondoe mimi. Ubao siung'oi tena."

Hakuna aliyepiga makofi. Kitu kimoja tu kilitokea: Bi Somoe alikuja taratibu, akapanda mbele, akakaa, akaweka mkoba wake juu ya magoti kama mtu anayesubiri safari.

Waliniondoa. Miezi minane nilipalilia minazi na jembe, jambo lile lile ambalo nilimtupa kaka yangu ili nisilipate, na nikaona kwamba linabebeka. Mgongo unauma, jioni unakula, unalala. Dereva waliyemleta hakujua kijiti cha mafuta wala kusikiliza injini, na mita ya trekta aliidharau. Akaichemsha pikapu njia ya Quionga mpaka gasketi ikaungua. Mkurugenzi alikuja shambani mwenyewe, viatu vimejaa mchanga. Akasema gari limetengenezwa, nirudi. Nikamwambia nitarudi na ubao unabaki.

Akatazama minazi. "Basi usiutaje kwa wageni."

"Wageni wana macho, kamarada."

Nikarudi. Miaka michache baadaye yeye akahamishwa, na siku ya kuondoka aliomba nimpeleke mimi. Njiani aliweka kiganja juu ya ubao, akakiacha hapo mpaka tukafika. 

Sasa sikiliza. Maneno yangu ya siku ile watu mia waliyasikia, lakini karatasi haikubadilishwa. Niliomba mara mbili, nikaambiwa faili liko Pemba. Nikaenda Pemba, nikaambiwa liko Palma. Ndani ya faili hilo, popote lilipo, Bakari bado ni mwizi wa mali ya umma. Nilidhani nikisema kwa sauti kubwa nitakuwa nimeurudisha uongo wangu nyumbani. Haukurudi wote. Sehemu yake iko huko inatembea bila mimi.

Na juzi nimekutana nayo. Karatasi zako za shule ya ufundi ziliporudi kugongwa muhuri nilizisoma, moja moja. Penye ndugu wa mama, umeandika: hana. Mwandiko wako mzuri, wino haukuvuja. Ulinikuta nazo mkononi, ukasema, "Mama, ni karatasi tu. Wameniambia mwenye ndugu aliyepelekwa kule bara nafasi hapewi." Sikukujibu, na ulidhani nimekubali.

Sikukasirika, Rukia. Nilijiona. Ulikuwa na jambo unalolitaka sana, msichana peke yake kati ya wavulana wote hao, na jina la mtu likawa limesimama mlangoni, ukalisogeza pembeni. Ndivyo nilivyofanya ghalani, na mimi nilikuwa mtu mzima. Mjomba wako hajui. Wiki nzima amekuwa akikutengenezea sanduku, anakohoa na kupiga randa.

Ubao huu siujutii, wala viti. Kule Beira watakuambia mikono ya msichana haifai kwa grisi, watakuambia hiki ni kizuri mno kwa mtu wa Palma na kile ni kikubwa mno kwako. Usiwaombe radhi. Kitake kitu kizuri mbele ya macho yao na ukitengeneze. Najutia jambo moja tu, kwamba nilipoulizwa kitu changu ni cha nani, nilitoa jina la mtu mwingine. Kila ninachokuambia usikiogope, nilikiogopa siku ile, na kilipokuja hakikuniua.

Wakikufukuza kwa sababu ya mjomba wako, rudi. Gari lipo, na nitakufundisha ninachokijua, na tutakuwa tumefukuzwa wote wawili mara moja moja. Ila nafasi uliyoipata kwa kumfuta yeye, siku moja utaikalia na itakuchana. Hilo nalijua, na nisingependa ulijue kwa njia niliyolijulia.

Pamoja na hii kuna barua nyingine, ya mkurugenzi wa shule. Nimemwandikia kwamba mimi Hadija nina kaka, anaitwa Bakari, ni seremala, alipelekwa bara kwa kosa langu, na kwamba kwenye fomu yako jina lake halimo. Nimetia sahihi, nimeweka na dole gumba, wasije wakasema si mimi. Haijafungwa, na siipeleki posta. Nikiituma bila wewe nitakuwa nimefanya tena kile kile, kumsemea mtu jambo litakalomwangukia yeye. Chini ya sahihi yangu nimeacha mstari mtupu, wa jina lako. Siujazi mimi. Wino na kalamu nitaviacha juu ya sanduku lako, na safari ya kwenda Beira ni ndefu.

Mama yako,
Hadija